Nukta ya Rangi ya Kucha

Duka zima lilijua kwamba Pua hana wivu, kwa sababu mwenyewe aliwakumbusha kila siku. Alisema asubuhi akifungua dirisha la chumba cha nyuma, akasema mchana akila, na jioni wakati wa kufunga akasema tena, wala hakuna aliyemuuliza. "Mimi na wivu wapi na wapi?" Mtu akiapa mara tatu kwa siku kwamba paa lake halivuji, wewe mtafutie ndoo.

Jina la Pua alilipatia kazini. Duka lilikuwa la mjomba wake, kaka wa mama yake, naye aliuza kwa jumla na rejareja vitu vidogo vya umeme vya bei nafuu: balbu, nyaya, soketi, na zaidi ya vyote vichwa vya chaja za simu. Vichwa hivyo vilikuja kwa maboksi kutoka kwa watu ambao leo wana jina hili na kesho wana jina lile, na kila boksi lilikuwa na maneno ya kujisifu ubavuni. Kazi ya Pua ilikuwa kuamua kipi kiuzwe na kipi kirudi kilikotoka. Hakuisomea. Alikitia kichwa cha chaja kiganjani akakipima uzito, maana cha kweli kina uzito wake na cha uongo ni chepesi kama ganda la yai. Akakitikisa sikioni asikie kama kuna kitu kimelegea. Akakichomeka kwenye soketi ya mezani, akakifungia vitaa vidogo ili kifanye kazi ya kweli, akakiacha saa nzima. Saa ikitimia alikichomoa, akakigusisha shavuni kujua joto lake, kisha akakinusa. Plastiki mbaya ikipata moto hutoa harufu ya samaki, na mwanamke yule aliisikia harufu hiyo kabla samaki mwenyewe hajajua kwamba ameoza.

Vilivyofaulu alivitia alama. Mwanzoni alitumia kalamu, ikawa inafutika. Siku moja, kwa vile alikuwa na chupa ya rangi ya kucha mkobani, alidondosha nukta moja nyekundu karibu na meno ya plagi, na nukta ile ikagoma kutoka hata kwa kisu. Tangu siku hiyo, miaka kumi na miwili, rangi ya kucha zake ndiyo ikawa rangi ya vichwa vya chaja vya duka lile. Wachuuzi walikuja wakasema, "Nipe zenye kucha." Wengine waliwaonyesha wateja wao nukta ile kana kwamba ni muhuri wa serikali. Pua akisikia neno hilo alikuwa anapunguza mwendo wa kupaka, ili lisemwe tena akiwa bado amekaa.

Kisha akaja mdogo wake.

Huyu alikuwa kitinda mimba, Pua amemzidi miaka kumi na minne. Pua ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu, na alipofaulu kwenda chuo cha ufundi wa umeme ni Pua huyo huyo aliyezunguka mtaa mzima kutangaza. Alipomaliza chuo akakaa nyumbani miezi minne bila kazi, mama yao akamwendea kaka yake dukani, na Mjomba hakuwa na ubavu wa kumkatalia dada yake. Binti akaja na kipimo cha umeme kinaning'inia shingoni, na siku mbili hazikupita wakawa wanamwita Mita.

Mita hakunusa kitu. Katika kila boksi alichukua kichwa kimoja, akakipasua kwa koleo, akakichungulia ndani kwa tochi, ndipo akapima.

"Mdogo wangu," Pua alimwambia siku ya kwanza, "mbona unachinja mali ya watu?"

"Natazama tumbo, dada. Kwa nje vyote vinapendeza."

"Mimi miaka kumi na miwili sijachinja hata kimoja."

"Najua, dada. Na pua yako hakuna wa kuifikia. Ila si kila kibaya kinanuka."

Aliyasema hayo kwa adabu, macho chini, na adabu hiyo ndiyo iliyouma. Angekuwa na kiburi Pua angepata pa kumshikia. Mjomba akaigawa meza katikati kwa kamba ya utepe: nusu ya Pua, nusu ya Mita. Na kwa kuwa kila mpimaji lazima awe na alama yake, Mita akaenda sokoni akarudi na chupa ya rangi ya kucha ya buluu, yeye ambaye kucha zake alikuwa anazikata kwa wembe na hajawahi kuzipaka hata siku ya harusi ya watu.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwezi haukuisha, mchuuzi mmoja akaegemea kaunta akasema kwa sauti iliyofika hadi chumba cha nyuma, "Leo nipe za buluu. Wateja wanasema zile zimepimwa kwa mashine." Mashine! Kidude kile cha kutundika shingoni kama kengele ya mbuzi! Pua alipaka nukta mbili kwenye kichwa kimoja kwa hasira. Wiki iliyofuata wakaja wawili, halafu watano, na mafungu yake mekundu yakaanza kushika vumbi rafuni wakati ya buluu yanatoka yakiwa bado hayajakauka vizuri. Aliyebaki wake wa kweli alikuwa fundi cherehani wa kibanda cha jirani. "Mimi ni wa nyekundu," alisema mama yule. "Nyekundu nilianza nayo nikiwa na cherehani moja, na sasa ninazo tatu." Pua nusura amletee kiti.

Roho ilimuuma Pua, tusifiche. Ilimuuma akimwona Mita anacheka na wachuuzi, na ilimuuma akimwona hacheki. Ilimuuma Mita alipochelewa na Mjomba asiseme neno, na alipowahi ilimuuma zaidi. Kuna siku Mita alimletea chai, Pua akainywa yote, kisha akalalamika kwamba ilikuwa na sukari nyingi, akijua fika kwamba sukari ile ndiyo kipimo chake.

Jumatatu moja Mjomba akaja chumba cha nyuma, akasimama mbele ya ule utepe.

"Wanangu, rangi mbili zinawachanganya watu. Juzi mtu kaniuliza kama nyekundu maana yake ni hatari na buluu maana yake ni salama. Mwisho wa mwezi huu itabaki rangi moja na meza moja. Mmoja wenu atakwenda mbele kuuza balbu."

Hakusema nani. Lakini aliposema "meza moja" mkono wake ulikuwa umetua upande wa Mita, na Pua alikuwa anautazama mkono tu, uso hakuuona.

"Sawa, Mjomba," alisema. "Mimi sina wivu."

Ijumaa yake alikwenda kumsalimia mama. Mama aliishi na Mita kwenye nyumba yao ya zamani, mitaa mitatu kutoka dukani. Pua mwenyewe alipanga chumba nyuma ya soko. Akamkuta mama amekaa kitandani, anachambua vifungo vya nguo. Simu yake ilikuwa juu ya stuli, na ukutani, pale pale kwenye soketi iliyo karibu na mto, kilichomekwa kichwa cha chaja kipya chenye nukta ya buluu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaona? Mdogo wako kaniletea. Ile ya zamani ilikuwa inatoa cheche, basi akasema mama, hiyo itakuua." Mama akacheka, akaokota kifungo. "Mtoto huyu ananihangaikia sana."

Pua aliitazama ile nukta. Miaka kumi na miwili alikuwa amejivunia kwamba hajatoa dukani hata balbu moja isiyo yake, na kumbe majivuno hayo hayachaji simu ya mama. Alitaka kusema hivyo. Akasema, "Inapendeza," akaaga mapema, akisingizia kichwa kinamuuma. Njia nzima alisema na nafsi yake kwa sauti, mpaka mtu mmoja akampisha.

Jumanne ya wiki iliyofuata likaingia boksi la vichwa vyeupe, vya duara kwenye kona, vinavyong'aa kama meno ya mtoto. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko vyote. Boksi liliangukia upande wa Mita. Akachukua kimoja, akakipasua, akachungulia kwa muda mfupi sana, akavuta kalamu nene akaandika HAPANA juu ya boksi zima, akalisukuma chini ya meza pamoja na ya kurudishwa.

Pua aliinama akachukua kimoja. Kilikuwa kizito. Kizito kizuri, cha kujaza kiganja, kizito kuliko chochote alichokishika mwaka ule.

"Hiki umekikataa kwa nini?"

"Njoo uone ndani, dada." Mita akamnyooshea kile alichokipasua, kimelala wazi juu ya kifuniko cha kopo.

"Mimi sitazami matumbo."

"Dada, tazama mara moja tu, ni—"

"Nimekwambia sitazami! Kitu kizito hivi unakikataa, halafu vyepesi vyepesi ndivyo unavyovipaka buluu. Au chuoni hawakuwafundisha kupima uzito?"

Mita akakiweka kile kichwa kilichopasuliwa ndani ya kopo, akafunga. Kopo likabaki mezani, upande wa pili wa utepe, umbali wa mkono mmoja. Kunyoosha mkono ule kungekuwa kukiri kwamba njia ya mdogo wake ni njia. Pua hakuunyoosha.

Siku ya pili yake Mita alitumwa nje kupeleka mizigo asubuhi nzima. Pua akavuta boksi kutoka chini ya meza. Alikuwa na nia safi, ndivyo alivyojiambia: apime kwa haki, kwa njia yake. Akapima uzito, safi. Akatikisa, kimya kabisa. Akachomeka na vitaa vyake, akasubiri saa nzima huku amekunja mikono. Akachomoa, akagusisha shavuni: vuguvugu, si moto. Akanusa.

Kilikuwa kinanuka samaki. Kwa mbali, kidogo mno, kama nguo iliyopita karibu na genge la samaki jana yake. Mtu mwingine yeyote asingeisikia. Pua aliisikia. Akakinusa tena, akasema moyoni kwamba kuna watu wanapika jirani. Akainuka akafunga dirisha, akanusa mara ya tatu, na ilipobakia pale pale akasema ana mafua. Kisha akafungua chupa ya rangi akapaka nukta nyekundu kwenye vichwa arobaini, kimoja kimoja, kwa mkono usiotetemeka, akavipeleka mbele mwenyewe kwenye sahani ya plastiki.

"Vya bei ya chini," alimwambia Mjomba, "na ni vizito. Vishike."

Mjomba akashika, akapima kiganjani kama alivyofundishwa na Pua huyo huyo miaka ya nyuma, akatabasamu. "Hizi ndizo. Pua wangu bado yupo."

Pua wangu! Siku mbili mwanamke yule alitembea kama aliyeota mbawa. Bei ilikuwa rahisi, nyekundu ikaanza kuitwa tena kwenye kaunta, na mchuuzi yule yule wa mashine akachukua kumi na mbili. Fundi cherehani akaja akiwa na futi shingoni, akachukua akaondoka. Mita alikuwa bado na mizigo yake ya nje, jioni anarudi amechoka, hatazami chini ya meza. Pua alimwonea hata huruma kidogo, ile huruma tamu ya mtu anayeshinda.

Ijumaa, baada ya saa ya chakula, fundi cherehani aliingia dukani mbio. Mkono wa kulia aliufunga kitambaa chenye maji. Wa kushoto alibeba kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha kitenge, akakitupa juu ya kaunta kama anatupa nge.

"Nimerushwa! Nanyunyizia nguo maji nipige pasi, simu ikaita, ilikuwa inachaji, nikaishika na mkono wangu wenye maji. Umeme ukanibeba mpaka kwenye meza ya pasi! Simu! Tangu lini simu inampiga mtu?"

Akafungua kile kitambaa. Ncha za vidole viwili zilikuwa nyeupe, zimekauka kama zimepakwa chokaa. Pua na Mita walikuwa wametoka chumba cha nyuma kwa zile kelele. Mjomba akafunua kitenge. Kichwa cheupe, cha duara kwenye kona, na karibu na meno ya plagi nukta nyekundu imeng'aa vizuri.

Mjomba aliitazama nukta, kisha akamtazama Pua, na Pua akatazama vidole vyake.

"Kosa ni langu, Mjomba," Mita akasema.

Wote wakageuka.

"Boksi hilo nililikataa mimi. Nikaliacha vibaya, karibu na yaliyofaulu, nikaondoka na mizigo. Dada hakujua. Alidhani ni la kupaka."

Hapo mtu mwenye akili zake angemshukuru Mungu akanyamaza. Mlango ulikuwa umefunguliwa, kilichobaki ni kupita. Lakini wivu wa Pua haukuwa wa kawaida, ulikuwa umeshiba na kukua. Alimwona mdogo wake amesimama pale, msafi, mnyenyekevu, anabeba mzigo usio wake mbele ya Mjomba na wateja, na alijua kitakachosemwa jioni: mtoto huyu ana moyo gani! Nusu ya meza amechukua. Wachuuzi amechukua. Ukuta wa mama amechukua. Sasa na hiki?

"Hata kosa langu unalitaka?" alipiga kelele. "Hata hili? Liache! Ni langu!"

"Dada..."

"Nyamaza! Mjomba, anadanganya. Aliandika HAPANA hivi, herufi kama mlango. Nikavitoa ndani ya boksi mwenyewe, nikavipaka mwenyewe." Pumzi zilimwishia, akazitafuta. "Na nilinusa. Kulikuwa na samaki. Nilisikia, nikafunga dirisha."

Hilo la samaki ndilo lililompiga Mjomba, ilionekana usoni. Kudanganya watu ni jambo moja, lakini Pua kuidanganya pua yake ni jambo ambalo hakuwahi kuliwaza. Akachukua koleo chini ya kaunta, akakipasua kile kichwa pale pale. Ndani mlikuwa na sakiti ndogo kuliko stempu, na kando yake kipande cha chuma, chuma kitupu, kimegandishwa kwa gundi na hakina kazi yoyote.

"Hiki cha nini?"

"Cha uzito," Mita alisema kwa sauti ndogo. "Wanajua watu wanapima kwa mkono. Halafu upande wa umeme wa ukutani na upande wa simu vimetenganishwa na karatasi tu. Karatasi hiyo ikiungua, umeme wote unakwenda kwenye simu."

Pua alikiangalia kile chuma. Ndicho alichokuwa anakisifia. Alikumbuka kopo, umbali wa mkono mmoja. Akatoa chupa yake ya rangi mfukoni, akaiweka kwenye kaunta mbele ya Mjomba bila kuambiwa, na Mjomba akaifunika kwa kiganja.

"Mmeuza ngapi?" Mjomba akauliza, na muuzaji wa mbele akaanza kuorodhesha: mchuuzi kumi na mbili, fundi viatu kimoja, yule wa saluni viwili...

"Na mimi viwili," fundi cherehani akasema.

Pua akageuka. "Cha pili kiko wapi, jirani?"

"Si changu. Nilitumwa na mama yako."

Mita alikuwa tayari ameshika simu, kidole kiko juu ya namba ya mama. Pua akaruka, akaipokonya kwa nguvu hata ikaanguka.

"Usipige! Ataipokea!"

Ndipo Mita alipoelewa, akabadilika rangi. Saa kama ile, siku kama ile, mama hufua. Mikono yake huwa na maji na sabuni mpaka kwenye viwiko, na simu ikiita hujifuta kwenye nguo kidogo tu, kisha akaishika. Simu yenyewe alikuwa haichomoi kwenye waya, alisema inachosha.

Wakatoka mbio. Mtaa wa kwanza walikwenda sambamba, wakipita katikati ya mikokoteni na meza za mitumba, watu wanauliza kuna nini. Mtaa wa pili Pua alianza kukata pumzi. Alikuwa mwanamke wa kukaa, miaka kumi na miwili kwenye kiti kimoja, na miguu ilimkumbusha. Mita akageuka, akapunguza mwendo kumsubiri.

"Unanisubiri mimi wa nini?" Pua alifoka, mkono kwenye mbavu. "Tangulia! Kimbia, mdogo wangu, tangulia wewe!"

Haikupata kutokea hata siku moja Pua kumwambia binti yule atangulie. Alimwona akikunja kona, kipimo kinampiga kifuani, na akaomba kwa moyo wake wote mdogo wake amshinde, amshinde vibaya, afike kabla yake kwa mbali.

Alipofika yeye, mlango ulikuwa wazi na kisanduku cha umeme cha ukumbini kimefunguliwa, swichi kuu imeshushwa. Mita alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kati ya magoti, anahema. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ina povu, anawashangaa.

"Mmefukuzwa na nani? Huyu kaingia kama mwizi, kazima umeme wangu, kaniambia nisiguse simu. Dada yangu alipiga sasa hivi, nikasema wacha nimalize kufua shuka hili kwanza. Kuna nini?"

Pua alimpita, akaenda mpaka kwenye soketi iliyo karibu na mto. Nukta ya buluu haikuwapo. Palikuwa na kichwa cheupe, cha duara kwenye kona. Akakichomoa. Kilikuwa na joto, na harufu aliisikia bila kukiinua.

"Ile ya buluu iko wapi, mama?"

Mama akajifuta mikono taratibu. Alimtazama Mita kwanza, kama anamwomba radhi.

"Ipo kabatini. Siku ile ulipokuja, uliitazama ukutani kana kwamba imekutukana. Nikasema kumbe roho imemuuma mwanangu. Nikamtuma fundi cherehani aninunulie ya kwako, ili siku ukija tena uikute. Mdogo wako sikumwambia, asije akanuna na yeye. Niliona heri hata ya kununua, maana wewe hukuwahi kuniletea."

Uani, maji ya bomba yalikuwa bado yanamwagika kwenye beseni. Mita alinyanyua uso, na safari hii Pua hakumwonea wivu wowote. Alikaa kitandani. Akaanza kuikwangua ile nukta kwa ukucha wa kidole gumba, akakwangua kwa nguvu, isitoke.

"Unafanya nini? Usiiharibu," mama akasema. "Ni yako hiyo."

"Si yangu, mama."

Mama akacheka, akaketi karibu yake. Akauchukua mkono wa binti yake mkubwa, akaulaza juu ya goti lake, akakisogeza kile kichwa cha chaja mpaka nukta ikagusana na ukucha.

"Si yako vipi?" aliuliza. "Si rangi hii hii?"

Pua alizitazama zote mbili. Alitaka kuukunja mkono, na mama alikuwa ameushika.

"Ni yangu," akasema. "Ilitaka kukuua, mama, na nilijua ni mbaya nikaipaka." Kisha akamgeukia Mita, akasema akiwa analia, "Mdogo wangu, fungua kabati. Mchomekee mama ya kwako."